Lulimba: Maji ya kisima yakianza kutoka kidogo nyumbani, pima kwanza kabla ya kulipa

Robine inatoa maji kama uzi. Bidoni ya litri 20 iliyokuwa inajaa kwa dakika tatu, sasa inachukua dakika kumi. Wengi wanaita fundi palepale, na fundi anaomba pesa ya pompi mpya ao ya kuchimba kisima zaidi. Lakini shida inaweza kuwa kwa robine, kwa tiyo, kwa tanki, kwa pompi ao kwa kisima chenyewe. Kila moja iko na dawa yake, na bei haziko sawa hata kidogo.

Hapa Lulimba, katika sekta ya Ngandja, kwenye barabara ya Fizi kuelekea Kalemie, watu wanaishi kwa visima, vyanzo na mito. Maji yakikosa nyumbani, watoto wanarudi mtoni na bidoni. Hapo hatari inaanza, maana Fizi na Baraka ni kati ya sehemu za Kivu ya Kusini ambako kolera inarudi mara kwa mara. Kule Uvira, watafiti walilinganisha siku za ukosefu wa maji ya robine na hesabu ya wagonjwa waliopokelewa kwa sababu ya kolera, kati ya 2009 na 2014. Waliona kwamba baada ya siku bila maji, wagonjwa waliongezeka katika siku 12 zilizofuata.

Bidoni na saa ya simu

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Funga robine zote, acha moja tu, ifungue mpaka mwisho, kisha hesabu dakika mpaka bidoni ya litri 20 ijae. Ikijaa kwa dakika mbili, ni litri 10 kwa dakika. Ikichukua dakika kumi, ni litri mbili tu. Andika kwa daftari.

Kisha rudia karibu na tanki, pale maji yanapotokea. Kama yanatoka kwa nguvu pale lakini nyumbani ni kidogo, kosa liko katikati, kwa tiyo ao robine. Kama hata pale ni kidogo, angalia tanki na njia yake ya kutokea. Kama tanki halijai tena kama zamani, kosa liko kwa pompi ao kisimani.

Robine na tiyo

Fungua kichungi kidogo cha mdomo wa robine. Mara nyingi kimejaa mchanga. Maji yenye chuma nayo yanaacha uchafu mwekundu unaobana tiyo kidogo kidogo, na mwenye nyumba haoni kitu kutoka nje. Angalia pia udongo unaolowa bila mvua: pale tiyo inavuja chini.

Upana wa tiyo una maana kubwa. Tiyo yenye nusu ya upana iko na nafasi ya robo tu ya kupitisha maji. Mtu akiunganisha robine ya jirani kwa tiyo nyembamba ileile, nyumba zote mbili zitalia. Tiyo inayopanda na kushuka njiani inaweza pia kufunga hewa ndani, na maji yanatoka kwa kukohoa. Inyooshwe, ao hewa itolewe pale inapopanda juu zaidi.

Tanki

Nguvu ya maji ya tanki inatoka kwa urefu wa tanki juu ya robine. Mita 10 zinatoa karibu bari moja. Tanki lililo mita tatu juu ya robine linatoa karibu sehemu tatu za kumi za bari. Hiyo inatosha kujaza bidoni na kuosha vyombo, lakini bafu ya kunyunyiza itakuwa dhaifu hata kama hakuna kilichoharibika.

Ukitaka kuinua tanki, kumbuka uzito: litri 1,000 za maji ni kilo 1,000. Nguzo za mbao zilizooza zinaweza kuanguka juu ya watoto. Angalia pia kifuniko. Kikifungwa bila tundu dogo la hewa, maji hayatoki vizuri. Tundu hilo lifunikwe na wavu, mbu wasiingie.

Pompi

Pompi inayokaa juu ya ardhi inavuta maji kutoka kina cha karibu mita saba, haiwezi zaidi ya hapo sana. Hapa wengi wanadanganyika. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, maji ya kisima yanashuka. Yakipita mita saba, pompi inanguruma lakini haileti kitu. Haijafa. Kununua nyingine ya namna ileile, hata yenye nguvu zaidi, ni kutupa pesa. Inahitajika pompi inayozama ndani ya maji.

Kama pompi inakataa kila asubuhi mpaka imwagiwe maji, klape ya chini ya tiyo inavuja. Kama inatoa maji pamoja na mapovu, inanyonya hewa kwa kiungo fulani. Hizo ni piesi ndogo. Kwa pompi ya sola, futa vumbi kwa pano na angalia kivuli cha mwembe: asubuhi na siku za mawingu maji yanapungua, ni kawaida.

Kisima chenyewe

Funga jiwe safi kwa kamba na upime umbali mpaka kwenye maji, asubuhi kabla ya mtu kuchota. Pima tena baada ya kuvuta saa moja, kisha hesabu muda wa maji kurudi. Yakichukua saa nyingi, kisima ndicho kinachotoa kidogo. Pompi kubwa zaidi itakikausha haraka, itavuta mchanga, na ikizunguka bila maji inaungua. Afadhali kuvuta kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na kuweka akiba kwenye tanki. Kuchimba zaidi kufanyike mwisho wa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa.

Usishuke na moteri

Moteri ya benzini haishushwi kisimani, wala haiwekwi kwenye mdomo wake mtu akiwa ndani. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana na isiyonuka, na inaua kwa dakika chache. Mshumaa unaozimika unaonyesha tu kwamba hewa ya kupumua imepungua. Sumu ya moteri hauionyeshi. Mtu akianguka ndani, anayeruka kumuokoa anaweza kufa naye. Anayeshuka awe amefungwa kamba, na watu wa kumvuta wawe juu.

Pompi ya mkono ya kartie

Hapo kuna jaribio rahisi. Acha pompi ipumzike nusu saa, kisha hesabu mara za kusukuma mpaka maji yatoke. Zikipita tano ao sita, kuna uvujaji kwa klape ao kwa tiyo za chini. Kanuni za misaada ya dharura zinahesabu pompi moja ya mkono kwa watu 500 kwa kiwango cha juu, ikitoa karibu litri 17 kwa dakika. Maana yake bidoni ya litri 20 inajaa kwa dakika moja na sekunde kumi hivi. Ikipita hapo sana, kamati ya maji iitishe mchango kabla pompi haijakauka kabisa.

Kabla ya kunywa tena

Kisima kilichofunguliwa ao kushukiwa na mtu kinapaswa kutiwa klore na kuvutwa maji mpaka harufu iishe. Zoni ya afya inaweza kueleza kipimo. Kwa wakati huo, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote dakika moja, ao yatiwe dawa kwa kufuata maandishi ya pakiti na kungojewa nusu saa.

Fundi akifika, apewe hesabu tatu za daftari: dakika za kujaza bidoni kwa robine, dakika za kujaza karibu na tanki, na mita mpaka kwenye maji ya kisima. Mwenye hesabu hizo si rahisi kuuziwa pompi asiyoihitaji.