Mama wa Shamba la Pamba



Kila tunapokutana husimuliwa sana habari za wakuu wa shule, walimu wakali na timu za mpira. Hayo ni mema, na yaendelee kusimuliwa. Lakini iko sehemu ya historia ya shule yetu isiyopata kuandikwa, nayo ni ile ya akina mama waliotusomesha. Wengi wetu tuliotoka Bariadi na sehemu nyingine za Mkoa wa Simiyu wa leo tulisomeshwa kwa jembe la mkono, na jembe hilo kwa sehemu kubwa lilishikwa na mama. Nitaieleza historia hiyo kwa maisha ya mama yangu mzazi, ambaye sasa ni marehemu. Hakuwa mtu mashuhuri. Alikuwa mmoja wa wengi, na ndiyo sababu nimemchagua.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika mji wa Kisukuma uliozungushiwa ua wa minyaa. Wakati huo pamba ilikuwa inageuka kuwa uti wa mgongo wa nchi yote ya Usukuma. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilikuwa kikitoa mbegu bora, na wakulima walikuwa wakidai haki ya kupima na kuuza mazao yao wenyewe ili wasipunjwe kwenye mizani. Juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, zilizaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955.

Ushirika ulikuwa ushindi mkubwa wa mkulima. Hata hivyo, jina lililoandikwa katika daftari la chama lilikuwa la mwenye mji, yaani baba. Mama alikuwa mtoto tu, lakini alikwisha kuijua pamba kwa vidole vyake. Mbegu ilipandwa mvua zilipokolea, kuanzia Novemba. Palizi lilifuata, tena si mara moja. Ilipofika Juni watu walikuwa shambani wakichuma, na jioni akina mama na watoto waliketi uani kuchambua: nyeupe isiyo na doa iliwekwa upande wa safi, na yenye madoa ilitupwa upande wa fifi. Bei ya mji mzima ilitegemea kazi hiyo ya uani. Shuleni walikwenda kaka zake. Yeye alibaki na jembe, mtungi na mawe ya kusagia mtama.

Herufi alizipata akiwa msichana mkubwa. Kati ya mwaka 1968 na 1972 serikali yetu, kwa kushirikiana na UNESCO, iliendesha katika mikoa ya Ziwa mradi wa kisomo chenye manufaa, ambapo watu wazima walijifunza kusoma kwa masomo yaliyohusu kazi zao wenyewe, pamba ikiwa mojawapo. Mama alisoma chini ya mti, akitoka shambani. Alikuwa akituambia kwamba somo lilikuwa jepesi kwa sababu kitabu kilieleza mambo anayoyajua; kilichobaki kilikuwa kuyatambua yakiwa yameandikwa. Tangu hapo hakuna stakabadhi iliyoingia nyumbani mwetu bila yeye kuisoma.

Akaolewa, na mara ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 katika Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake, watu waliokuwa wakiishi mbalimbali walihamishiwa vijijini. Hapana shaka shabaha ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwe karibu. Lakini mashamba hayakuhama. Mama alijikuta akitembea alfajiri kwenda shamba la zamani na kurudi jioni na kuni kichwani. Kabla hajazoea, mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa pamba ukawa mikononi mwa Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 iliurudisha ushirika, lakini malipo yaliendelea kuchelewa, na mara nyingi mkulima alirudi nyumbani na karatasi badala ya fedha.

Hapo ndipo ada inapoingia. Vijana wafahamu kwamba ada za sekondari, zilizokuwa zimefutwa mwaka 1964, zilirudishwa mwaka 1985. Sisi tulioingia kidato cha kwanza katika miaka ya 1990 tuliikuta ada mlangoni. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua pamba. Fedha taslimu zilionekana, lakini bei ilipanda na kushuka, na fedha ya pamba ilikuwa na wenyewe wengi: mahari ya kaka, ng'ombe, deni la dawa ya wadudu. Mama hakuitegemea. Alikuwa na kipande chake cha karanga na choroko, na mavuno yake aliyapeleka mnadani mwenyewe. Fedha aliifunga katika pindo la kanga. Januari ilipofika aliifungua na kuihesabu mbele ya baba, kisha mbele yangu, ili kila mmoja ajue kiasi. Sandukuni mwangu aliweka michembe ya kunisukuma hadi likizo.

Katika fomu ya shule palikuwa na nafasi moja ya jina la mzazi au mlezi. Likaandikwa la baba. Simlaumu marehemu baba, kwani ndivyo fomu zote zilivyojazwa. Lakini sisi tunaofanya kazi serikalini twajua kwamba lisiloandikwa husahauliwa upesi, na kwamba kusahauliwa kuna gharama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika kugawa mali ya wanandoa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ndipo Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Mama huyo mwenyewe hakushinda rufani yake, lakini kanuni hiyo imewafaa wengi waliomfuata. Ikiwa nchi ilihitaji majaji kuitambua kazi ya mama, sisi wanawe hatuhitaji kusukumwa.

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na hadi leo ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa pamba. Tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa katika shule za serikali. Ni jambo la kushukuru. Lakini kijana asiyedaiwa ada asidhani kwamba hakuna anayemlipia. Sare, daftari na chakula cha likizo bado vinatoka katika shamba la mtu.

Basi natoa ombi. Kila mwanafunzi, wa zamani na wa sasa, ambaye mama yake yu hai akae naye jioni moja na kuandika: alizaliwa wapi, alilima nini, alihamia lini, ada aliipata vipi. Makaratasi hayo yakusanywe katika maktaba ya shule, karibu na picha za wakuu wa shule. Wale tuliokwisha kuwazika mama zetu tuandike tunayoyakumbuka. Mimi nimeanza na haya.