Mbwa anayeanguka: somo tulilopewa na simba wa Serengeti

Ndugu mfugaji, mbwa wako anayelinda mahindi ghalani au dagaa kwenye kichanja akianguka ghafla, akakakamaa, akatapatapa miguu na kutoa povu, majirani huwa na jibu moja: ni kichaa, auawe. Wengine husema amerogwa. Kabla hujashika rungu, soma historia hii fupi.

Mwanzoni mwa mwaka 1994, huko Serengeti, watalii waliokuwa angani kwenye puto walimwona simba akitetemeka mwili mzima kwa degedege. Baadaye wakaonekana wengine. Katika muda wa miezi, karibu theluthi moja ya simba wapatao 3,000 wakapotea. Vipimo vilionyesha virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa unaoshambulia mapafu, tumbo na ubongo. Watafiti wakageukia vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambako mbwa wengi hawakuwa na chanjo. Miaka iliyofuata, mbwa wa vijiji hivyo wakaanza kuchanjwa dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa.

Somo lake ni hili: kuanguka ni dalili, si jina la ugonjwa. Mbwa huweza kuanguka kwa distempa, kwa kichaa cha mbwa, au kwa kula sumu ya wadudu wa mahindi. Mtoto wa mbwa huweza kuanguka kwa njaa na minyoo. Lakini yule anayeanguka, akainuka, akakaa wiki au miezi akiwa mzima, kisha akaanguka tena bila sababu inayoonekana, huenda ana kifafa chenyewe.

Kifafa nacho kina historia ya tiba, na ilianzia kwa binadamu. Mwaka 1857, Charles Locock, daktari wa Uingereza, alieleza kuwa bromidi ilipunguza degedege kwa wagonjwa wake. Mwaka 1912, Alfred Hauptmann wa Ujerumani aligundua kazi ya fenobabitoni. Dawa hizo mbili ndizo madaktari wa mifugo huzitumia hadi leo kwa mbwa.

Chakula kilifuata. Tangu zamani watu waliona kuwa mgonjwa wa kifafa akifunga kula, degedege hupungua. Mwaka 1921, Russell Wilder wa hospitali ya Mayo, Marekani, akapendekeza chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo ili mwili ufanye kama umefunga. Kwa mbwa, utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu mbwa 21 wenye kifafa. Walilishwa kwa miezi 3 chakula kilichoongezwa mafuta maalumu, ya aina inayopatikana kwenye nazi na kokwa za michikichi. Kuanguka kulipungua, na 3 kati yao hawakuanguka tena katika kipindi hicho. Lakini mbwa hao waliendelea na dawa zao. Chakula kilisaidia dawa, hakikuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo usimmiminie mbwa mawese ukidhani ni tiba. Mawese mekundu hutoka kwenye nyama ya tunda, si kwenye kokwa, na mafuta mengi yanaweza kuumiza kongosho lake.

Hapa Kirando fanya haya:

Akianguka, mwondoe karibu na moto au maji kwa kumvuta kwa gunia. Usitie mkono wala kijiko mdomoni. Hawezi kumeza ulimi wake. Hesabu dakika. Zikipita 5, au akianguka mara mbili au zaidi kwa siku moja, ni dharura: mtafute mtaalamu wa mifugo mara moja.

Andika tarehe, muda na alichokula. Karatasi hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.

Mpe chakula kilekile, saa zilezile, na dawa ya minyoo kwa wakati. Akiwa kwenye bromidi, usimpe dagaa wa chumvi leo na ugali mtupu kesho, maana chumvi ikipanda dawa hutoka mwilini haraka, na ikishuka dawa humzidi.

Usimpe dawa ya kifafa ya mtu wa nyumbani kwa kukisia. Akishaanzishiwa dawa, usiikate ghafla. Degedege hurudi kwa nguvu.

Akibadilika tabia, akabadilika sauti, akashindwa kumeza au akang'ata ovyo, usimguse. Mfungie kwa mbali na utoe taarifa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni kifo.

Simba wale hawakuwa na wa kuwachanja. Mbwa wako anaye, naye ni wewe. Siku ya chanjo ikitangazwa, mfunge kamba umlete.