Kukwaruza kwa Makusudi: Historia Fupi ya Distoshoni

Leo tuache kidogo mambo ya tovuti na hifadhidata, tuzungumze kuhusu sauti. Swali langu ni hili: ilikuwaje kitu ambacho mafundi walikipiga vita miaka mingi, yaani sauti inayokwaruza, kikageuka kuwa kifaa cha kununuliwa dukani, chenye vifundo na matundu yake ya waya?

Kifaa chenyewe ni moduli ya distoshoni katika sinthesaiza ya moduli. Kwa wasioifahamu, hii ni sinthesaiza iliyogawanywa vipande vipande. Osileta hutoa wimbi, chujio hupunguza masafa fulani, amplifaya huongeza au kupunguza nguvu. Hakuna kinachotokea mpaka wewe mwenyewe uchomeke waya. Mwandishi wa programu ataielewa upesi: kila moduli ni kama fanksheni, na waya huchukua jibu la fanksheni moja na kuliingiza katika nyingine.

Distoshoni ni nini hasa?

Hebu fikiria wimbi laini la 110 Hz, linalopanda na kushuka bila kona. Sasa lipitishe katika amplifaya isiyoweza kutoa zaidi ya volti 5, huku wimbi lenyewe likitaka kufika volti 10. Vilele vyake vitakatwa. Wimbi lililokuwa la mviringo linakuwa bapa juu na chini.

Kukatwa huko hakupunguzi sauti tu, kunazaa sauti mpya. Ukikata juu na chini kwa usawa, zinatokea 330 Hz, 550 Hz, 770 Hz na kuendelea, yaani 110 mara 3, mara 5, mara 7. Ukikata upande mmoja zaidi ya mwingine, zinaongezeka 220 Hz na 440 Hz. Ndiyo maana sauti iliyokwaruzwa husikika nene na yenye ukali: ndani yake mna sauti ambazo hazikuwemo mwanzoni.

Basi kwa lugha ya hesabu, distoshoni ni fanksheni isiyo mstari ulionyooka. Ukiwahi kuandika tanh(x) katika programu ya sauti, umeandika distoshoni.

Ajali zilizogeuka mali

Mwanzo wake haukuwa wa maabara. Mwezi Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilifika katika studio ya Sam Phillips mjini Memphis, Marekani, ikiwa na amplifaya ya gitaa iliyoharibika njiani. Phillips hakuahirisha kazi. Walijaza karatasi mahali palipoharibika kwenye spika, wakarekodi hivyo hivyo. Wimbo ulikuwa "Rocket 88", na mngurumo wa gitaa lake bado unazungumziwa hadi leo. Mwaka 1958 Link Wray akaenda hatua moja mbele: kwa ajili ya "Rumble" alitoboa karatasi ya spika kwa mkono wake. Ajali imeanza kuwa uamuzi.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Nashville. Katika kurekodi wimbo wa Marty Robbins "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961, njia moja ya meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa na hitilafu, na besi ya Grady Martin ikatoka ikivuma kama nyuki ndani ya debe. Waliiacha. Wanamuziki wengine wakaanza kuitaka sauti ile, na hapo ndipo fundi mitambo Glenn Snoddy alipofanya jambo ambalo kila mhandisi anapaswa kulitafakari. Badala ya kuirekebisha tu hitilafu, aliichunguza ilivyofanya kazi, kisha akishirikiana na mwenzake Revis Hobbs akaijenga upya kwa transista. Kampuni ya Gibson iliuza saketi hiyo kuanzia mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Haikuvuma sana mpaka mwaka 1965, The Rolling Stones walipoitumia katika "Satisfaction".

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Snoddy alikwenda mbali zaidi: aliuza koleo lililovunjika.

Buchla na wimbi linalokunjwa

Wakati gitaa likipata kisanduku chake cha kukanyaga, California kulikuwa na jambo jingine. Watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender wa San Francisco Tape Music Center walitaka chombo cha kutunga muziki bila kukata na kuunganisha kanda kwa wembe. Walimpa kazi hiyo Don Buchla, kwa dola 500 zilizotoka katika msaada wa Rockefeller Foundation. Upande wa pili wa nchi, jimbo la New York, Robert Moog alikuwa akijenga sinthesaiza yake akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, mwaka 1964.

Wawili hawa walikuwa na fikra tofauti. Moog alianza na wimbi lenye sauti nyingi ndani yake, kisha akalipunguza kwa chujio, kama mchongaji anayetoa mbao. Buchla aliona unaweza kuanza na wimbi tupu kabisa kisha ukalitajirisha. Na njia ya kulitajirisha ni kulipotosha.

Katika mfululizo wake wa 200, wa miaka ya 1970, kuna moduli nambari 259. Ndani yake mna saketi ambayo haikati vilele vya wimbi, inavikunja. Wimbi likifika mpaka, badala ya kubanwa pale, linageuzwa kurudi chini. Likizidi nguvu linakunjwa tena, na tena, kama shuka unayoikunja iingie kabatini. Saketi ile ina seli tano za kukunja zinazofanya kazi sambamba, na matokeo yao hujumlishwa. Katika miaka hiyo hiyo Serge Tcherepnin, aliyekuwa akifundisha chuo cha CalArts, alianza kujenga moduli za bei nafuu pamoja na wanafunzi wake kwa sababu mitambo iliyokuwepo ilikuwa ghali. Yeye pia alikuja kutengeneza moduli za kukunja mawimbi.

Hapa ndipo naona tofauti kubwa na gitaa. Kisanduku cha gitaa unakiwasha au unakizima. Katika sinthesaiza ya moduli, kiasi cha ukwaruzaji chenyewe kinaendeshwa kwa volti. Unaweza kuchukua wimbi la polepole, la mzunguko mmoja kila sekunde nne, ukaliambia lizungushe kile kifundo kwa niaba yako. Sauti inafumbuka na kufumba kama mdomo unaotamka "u" kisha "a". Hitilafu imekuwa na usukani.

Mpangilio wa waya nao una maana. Ukitia distoshoni kabla ya chujio, unazaa sauti nyingi halafu unachagua za kubaki. Ukiitia baada ya chujio, mlio wa chujio lenyewe unakwaruzwa, na ukali unazidi. Tena, sauti moja hupendeza zaidi ya nyingi. Ukiingiza 200 Hz na 300 Hz kwa pamoja, zitazaliwa pia jumla na tofauti zao, yaani 500 Hz na 100 Hz. Hizo zinapatana. Ingiza kodi yenye noti nne na utapata uji.

Mwaka 1995 Mjerumani Dieter Doepfer alianzisha mfumo wa A-100, ambao vipimo vyake vilikuja kuwa kanuni ya watengenezaji wengi, maarufu kama Eurorack. Moduli yake ya A-136 ni distoshoni inayokuruhusu kuushughulikia upande wa juu wa wimbi na upande wa chini kila mmoja peke yake.

Kinshasa hawakusubiri

Ukisoma historia hii haraka utadhani ni ya Wamarekani na Wazungu peke yao. Sivyo. Kinshasa, Mawangu Mingiedi alianzisha kundi la Konono N°1 katika miaka ya 1960. Walipiga likembe, ala ya vibati inayochezwa kwa vidole gumba, jamaa ya ilimba ya Wagogo wa Tanzania. Ili isikike katika kelele za jiji walijitengenezea maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari na kutumia vipaza sauti vya bomba. Mitambo ile ilikwaruza. Wao wakaujenga muziki juu ya mkwaruzo huo, na mwaka 2004 albamu yao "Congotronics" ikatolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, mkwaruzo ukiwa umeachwa kama ulivyo.

Kwangu mimi kisa hiki kina uzito uleule wa kile cha Nashville. Mtu aliyekuja na mashine ya kusafisha sauti angeweza kufuta kilicho muhimu kuliko vyote, akidhani anasaidia.

Na sisi wa tarakilishi?

Moduli za chuma ni ghali, na ukiziagiza ng'ambo ujue kuna ushuru. Mimi najifunzia katika VCV Rack, programu huria iliyoanzishwa na Andrew Belt mwaka 2017, ambayo huchora moduli na waya kwenye skrini. Toleo lake la bure linatosha kabisa kuanzia.

Lakini kuna mtego. Tarakilishi inayochukua sampuli 44,100 kwa sekunde haiwezi kuwakilisha sauti inayozidi 22,050 Hz. Chukua wimbi la 10,000 Hz, likate, nalo litazaa 30,000 Hz. Hiyo haipotei. Inarudi ikiwa 14,100 Hz, sauti ngeni isiyopatana na wimbi lako. Dawa ya kawaida ni kufanya hesabu kwa kasi ya sampuli mara 4 au mara 8, kuchuja, kisha kurudi kasi ya mwanzo. Mwaka 2017 watafiti wakiwemo wa chuo kikuu cha Aalto, Finland, walichapisha njia ya kuiga ile saketi ya Buchla 259 huku wakipunguza sauti hizo ngeni. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, kazi kubwa ni kuharibu sauti bila kuiharibu vibaya!

Ndiyo maana nasema distoshoni ni somo zuri kwa mwandishi wa programu. Hitilafu usiyoielewa itakusumbua. Ukiielewa, ukaipa kifundo na mpaka, unaweza kuipigia muziki. Basi kabla hujafuta kosa linalofuata kwenye skrini yako, lisikilize kwanza.

Tukutane tena.