Msaidizi wa kisheria: Elimu na mipaka yake

Msaidizi wa kisheria si wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu kuelimisha wananchi, kuwaelekeza kwenye chombo husika na kuwashauri wagombanao kupatana, bali hawakilishi mtu mahakamani.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako ukeketaji umekuwa mila ya koo za Wakurya, somo la jinai lina uzito wa pekee. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoongezwa mwaka 1998, kinamgusa mlezi anayemkeketesha mtoto wa chini ya miaka 18: kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi Sh300,000, au vyote viwili.

Mgogoro wa mpaka wa shamba waweza kusuluhishwa. Binti aliyekimbia ngariba hupelekwa polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii, harudishwi nyumbani kupatanishwa.