Ubwari si kisiwa: kutembea Fizi na Baraka

Mwenye kutaka kujua historia ya Fizi avae viatu atembee. Sisemi vitabu havina maana. Nasema kwetu wageni waliandika mambo mengi wakiwa wanapita tu, na mguu unayasahihisha.

Mfano uko mbele ya macho. Simama asubuhi kwenye ufuko wa Baraka: jua linatokea nyuma ya milima ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Mitumbwi ya ndakala inarudi, wamama wanangojea na mabeseni yao. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walipita huku kwa mitumbwi, kutoka Ujiji wakienda Uvira. Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Siyo kisiwa! Upande wa kusini imeshikana na bara, mtu anaenda huko kwa miguu. Lakini kwenye ramani maji haya yanaitwa mpaka leo Ghuba ya Burton.

Sasa acha ziwa, panda kuelekea Fizi-centre. Joto linapungua, mashamba ya muhogo na michikichi yanabaki chini. Ukigeuka nyuma unaona Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470. Kimya kabisa. Mgeni atasema hapa hapajatokea kitu.

Kumbe milima hii ilipendwa na wapiganaji kwa sababu ileile inayotufanya tuipende sisi: mtu akiwa juu anaona mbali. Anaona kila boti inayokuja, na ng'ambo ya maji kuna Kigoma, njia ya kuleta watu na silaha. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka huko, akafika Kibamba, kusini mwa Baraka. Wacuba zaidi ya 100 walimfuata, wakajipa majina ya Kiswahili. Yeye aliitwa Tatu. Mwisho wa Septemba, mamluki wa Mike Hoare walishambulia Baraka, na mapigano yakawa makali. Novemba, Che akarudi Kigoma, ameshindwa. Laurent-Désiré Kabila naye alianzisha chama cha PRP mwaka 1967, akaishi miaka mingi katika milima ya Fizi. Ngome yake iliitwa Hewa Bora. Ukilisikia jina hilo leo, utafikiri ni hoteli ya watalii.

Wale wakubwa tunawajua majina. Wenyeji waliowabebea mizigo, waliowapikia bugali, waliokimbia na watoto mgongoni, wako wapi katika vitabu? Vita vya 1996 vilisukuma watu wetu wengi mpaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Makobola, raia waliuawa mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Baadaye, kuanzia 2015, Fizi hiyohiyo ikapokea wakimbizi wa Burundi kule Lusenda. Watu waliokuwa wakikimbia wakawa wenye kukaribisha. Hiyo nayo ni historia, na inastahili ukurasa wake.

Hapa ndipo diplome zetu zinahitajika. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 leo ni mzee wa miaka 80 hivi. Kila mwaka tunazika baadhi yao, na tunazika nao mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Tukingoja mgeni mwingine apite na mtumbwi wake, tusishangae akituita kisiwa tena.

Kwa hiyo, ukirudi nyumbani likizo hii, tembea. Uliza kwanza wenyeji kama njia ni salama, maana si kila mlima uko salama kila siku. Nenda na mtu anayejua Kibembe vizuri, akutajie jina la kila kijito na maana yake. Ukimkuta mzee amekaa mlangoni, msalimie kwa heshima, kaa naye, omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Andika jina la kijiji, mwaka, na maneno yake kama alivyoyasema. Halafu tuletee hapa tusome.