Safu ya Lugha: Parafujo si bolti

Siku hizi kila chenye hesi kinaitwa "skrubu". Mtu ameanzisha kijikarakana nyuma ya nyumba, anaingia dukani kuulizia "skrubu za kufungia jiliwa mezani". Akipewa hicho alichokitaja, jiliwa litalegea mara tu atakapoanza kugonga chuma alichokibana. Alichokuwa akitaka ni bolti.

Skrubu tumeipata kwa Waingereza. Kabla yake pwani tulikuwa na parafujo, kutoka kwa Wareno na neno lao parafuso, hao hao waliotuachia meza. Kitu ni kile kile. Mimi napendelea parafujo, ingawa sitagombana na fundi kwa hilo. Huzungushwa kwa bisibisi, ikajishika yenyewe ndani ya ubao. Bolti ya kufungia jiliwa haijishiki: hupenya tundu hadi upande wa pili, ikakazwa kwa nati na spana.

Ile mikunjo inayozunguka shina lake ndiyo hesi. Wengi gereji huiita "meno", lakini meno tuyaachie gia na msumeno. Tena hesi hazifanani. Bolti ya M6 ya kawaida husogea milimita 1 kila mzunguko. Ya robo inchi ya Whitworth, kipimo cha Kiingereza cha mwaka 1841, husogea milimita 1.27. Ukilazimisha nati ya moja kwenye nyingine, unaharibu zote mbili. Kwa hiyo nenda dukani na nati yako mfukoni, uijaribu kwa vidole kabla hujalipa.