Wisbech: Mji wa soko alikozaliwa mpinzani wa utumwa

MJI wa Wisbech, ulioko kaskazini mwa kaunti ya Cambridgeshire nchini Uingereza, ni mdogo na hautajwi sana nje ya eneo lake. Hata hivyo, historia yake inamgusa kila Mwafrika, kwani hapo ndipo alipozaliwa Thomas Clarkson, mmoja wa watu waliotia fora katika vita dhidi ya biashara ya watumwa.

Wisbech umejengwa kando ya mto Nene, katika nyanda za chini ambazo zamani zilikuwa vinamasi vitupu. Wenyeji waliishi kwa kuvua samaki, kuwinda ndege na kukata matete. Katika karne ya 17, matajiri wakiongozwa na mhandisi Mholanzi, Cornelius Vermuyden, walichimba mitaro mikubwa na kuyaondoa maji. Ardhi iliyobaki ikawa nyeusi na yenye rutuba, na hadi leo hutoa viazi, mboga, matunda na maua.

Mazao hayo ndiyo yaliyoukuza mji. Wakulima walileta nafaka sokoni, nayo ikapakiwa melini na kuteremshwa mtoni hadi baharini. Meli nazo zilileta makaa ya mawe na mbao. Faida ya biashara hiyo ilijenga majumba ya matofali ambayo bado yamejipanga kwenye kingo za mto. Mashuhuri zaidi ni Peckover House, lililojengwa mnamo 1722 na baadaye kumilikiwa na familia ya wenye benki. Familia hiyo ilikuwa ya Kanisa la Marafiki, ambalo wakazi wa magharibi mwa Kenya wanalifahamu vyema tangu wamishenari wake walipofika Kaimosi mnamo 1902.

Clarkson alizaliwa mnamo Machi 28, 1760. Babake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mji. Mnamo 1785, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliingia shindano la insha ya Kilatini lililouliza iwapo ni halali kumfanya mtu mtumwa bila hiari yake. Alishinda, lakini aliyoyasoma alipokuwa akiandaa insha hiyo yalimnyima usingizi. Aliamua kwamba ikiwa aliyoandika ni kweli, basi sharti apatikane mtu wa kuukomesha uovu huo.

Mnamo Mei 1787 alijiunga na wenzake 11 jijini London kuunda kamati ya kupinga biashara hiyo. Tisa kati ya wanakamati hao walikuwa wa Kanisa la Marafiki. Kazi ya Clarkson ilikuwa kutafuta ushahidi. Alizunguka kwa farasi katika bandari za Bristol, Liverpool na kwingineko, akiwahoji mabaharia na kununua pingu na vyombo vya mateso vilivyotumiwa melini. Huko Liverpool aliponea chupuchupu pale genge lilipojaribu kumtupa majini.

Alibeba pia kasha lililojaa bidhaa kutoka Afrika, zikiwemo nguo zilizofumwa, mbao, viungo na mbegu. Hoja yake ilikuwa wazi: Waafrika walikuwa mafundi na wafanyabiashara, na Uingereza ingeweza kufaidika kwa kununua bidhaa zao badala ya kuwanunua wao wenyewe. Kasha hilo limehifadhiwa katika makavazi ya Wisbech.

Bunge lilipiga marufuku biashara hiyo mnamo 1807, na mnamo 1833 likapitisha sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya himaya. Pwani ya Afrika Mashariki ilisubiri zaidi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mnamo 1873, na utumwa katika pwani ya Kenya ukaondolewa kisheria mnamo 1907, miaka 100 baada ya sheria ya kwanza. Clarkson alikuwa amefariki tangu 1846. Watu wa Wisbech walimjengea mnara karibu na daraja la mji, na ulikamilika mnamo 1881.

Mtoto mwingine wa mji huo ni Octavia Hill, aliyezaliwa mnamo 1838. Alipigania makao bora kwa maskini wa London na kushiriki kuasisi shirika la National Trust mnamo 1895, ambalo sasa ndilo linalotunza Peckover House.

Mashamba yaliyoutajirisha mji yangali yanahitaji mikono. Baada ya 2004, maelfu ya watu kutoka Lithuania, Latvia na Poland walihamia eneo hilo kuchuma mboga na kufanya kazi viwandani. Katika miaka ya 2010, polisi na baraza la wilaya walilazimika kuwaandama mawakala waliowarundika wafanyakazi hao katika nyumba mbovu, wakiwakata mishahara na kuwafunga kwa madeni yasiyokwisha. Mnamo 2015, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya dhidi ya utumwa wa kisasa, miaka 208 baada ya ile aliyoipigania mwana wa Wisbech.